Pengo liko wapi? Kumfundisha mtoto maneno ya mkato na ritifaa katika Kiingereza

Mtoto anayeandika "do'nt" badala ya "don't" hajafanya uzembe. Ameona kwamba "do" na "not" yameungana, ameona pia kuna alama juu, akahitimisha mwenyewe kwamba alama ndiyo inayoyaunganisha. Basi akaipachika pale maneno yanapokutana. Amefikiri vizuri, ila hakuna aliyemwambia jambo moja: katika maneno ya mkato ya Kiingereza, ritifaa, yaani alama hiyo ya juu ('), haikai kwenye kiungo. Inakaa mahali palipotoka herufi. Makosa mengi ya watoto, na ya watu wazima pia, yanaanzia hapo: kanuni hii ilitajwa mara moja ikapita, kisha ikafunikwa na orodha ndefu ya maneno ya kukariri.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mwalimu mwenye mtoto anayezungumza Kiswahili na anayejifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Hatua zake hazilingani. Ya tatu inaweza kukuchukua wiki nzima, na nyingine ukaimaliza kwa kipindi kimoja. Usisonge mbele kwa sababu ratiba imesema. Songa mtoto akishaweza.

Hatua ya 1: Maneno kamili yawepo kwanza

Huwezi kukata kitu ambacho hakipo. Mtoto asiyejua "does not" ukimpa "doesn't" atalibeba kama neno geni lisilo na wazazi, na kila neno jipya la mkato litakuwa mzigo mpya wa kukariri. Kwa hiyo mpime kwanza. Mpe picha au jambo lolote mnaloliona, atunge sentensi kwa "I am", "they are", "is not", "was not", "do not", "did not", "will", "have". Akiandika "She does not eats", tatizo lako bado ni la kitenzi, si la ritifaa. Lishughulikie hilo kwanza, maana ukishaweka "doesn't" juu yake, kosa litajificha na utakutana nalo baadaye likiwa limekomaa.

Mtoto mdogo ambaye bado anaongea tu, bila kuandika, hana haja ya hatua hii. Mwache aseme "don't" na "I'm" anavyosikia.

Hatua ya 2: Sikio kabla ya kalamu

Katika mazungumzo ya kawaida, anayezungumza Kiingereza tangu utotoni ni nadra kusema "I am going" kwa ukamilifu wake, labda awe anasisitiza au anabishana. Mtoto wako akisikiliza hadithi au katuni ameshayasikia maneno haya mara nyingi, ila hajayatambua. Soma sentensi mbilimbili kwa sauti, moja kamili na moja ya mkato: "They are late. They're late." "I will help you. I'll help you." Mwambie ainue mkono akisikia ile fupi. Mchezo wa dakika tano unatosha, na usimwonyeshe maandishi bado.

Kisha mkumbushe kwamba hata yeye hukata maneno kila siku. Ukiwa na haraka unasemaje "nitakuja"? Atasema "ntakuja". "Mwana wangu" ni "mwanangu", "baba yake" ni "babake", "umekwisha kula" ni "ushakula". Washairi wa Kiswahili wanakuita kukata huku inkisari, na wapo wanaoandika "n'takuja" kwa ritifaa kabisa ili mizani itimie. Tofauti ni kwamba Kiswahili cha kila siku hukata na kusonga mbele bila alama, na Kiingereza kinadai alama.

Hapahapa uliweke sawa jambo ambalo vitabu vingi vya Kiingereza haviligusi, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya watoto wetu. Mtoto wa Kiswahili tayari anaijua ritifaa: ameiona kwenye "ng'ombe" na "ng'oa". Huko haionyeshi kwamba kuna herufi iliyotoka. Inaonyesha sauti, ili "ng'ombe" isisomwe kwa "ng" ya "ngoma". Ukinyamaza, atakutana na "can't" akatafuta sauti mpya ya puani, au atadhani alama imewekwa kwa mazoea tu. Mwambie waziwazi: alama ni ileile, kazi ni mbili tofauti.

Kuhusu matamshi, silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi wa mtoto utaitafuta irabu ya kuegemea: "donti", "isinti", "didinti". Mpigishe makofi. "Don't", "can't", "won't" na "weren't" ni kofi moja moja. "Isn't", "wasn't", "didn't", "hasn't" na "couldn't" ni makofi mawili. Akipiga matatu kwenye "didn't", ujue irabu imejipenyeza mwishoni. Mwambie akifika kwenye "n" ulimi ubaki umegusa nyuma ya meno ya juu, neno liishie hapohapo. Ile "t" ya mwisho karibu haisikiki, na ndiyo maana watoto wengi hawatofautishi "can" na "can't" kwa sikio. Wafundishe kusikiliza uzito. Katika "I can swim", "can" inapita upesi na sauti inaangukia "swim". Katika "I can't swim", "can't" nayo inabeba uzito wake. Hilo linasaidia kuliko kuitafuta "t".

Hatua ya 3: Mkasi na karatasi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Andaa vipande virefu vya karatasi ngumu, kalamu nene, mkasi na selotepu. Andika "is not" kwa herufi kubwa zilizoachana kiasi cha upana wa kidole. Mtoto asome polepole, kisha mseme haraka pamoja mpaka itoke "isn't". Muulize: herufi gani hatuisikii tena? Akishaitaja "o", mpe mkasi aikate aitoe yeye mwenyewe. Sogeza vipande vilivyobaki vikaribiane, lakini usiviache vigusane pale "o" ilipokuwa. Acha upenyo. Bandika, kisha mtoto achore ritifaa juu ya upenyo ule.

Watoto wa miaka sita na saba wana mapengo mdomoni, kwa hiyo mfano uko tayari: ritifaa ni pengo. Jino limetoka, mengine yamebaki mahali pake, na pengo haliwezi kuwa mahali ambapo hapakuwa na jino. Kuanzia siku hiyo usiseme tena "weka koma juu". Swali lako liwe moja tu: pengo liko wapi?

Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

— Mwalimu, nimemaliza. Nimeandika "is'nt".
— Haya mwanangu, jino gani limetoka?
— "O".
— Na pengo umelichora wapi?
— Hapa, katikati ya "s" na "n".
— Kati ya "s" na "n" palikuwa na jino?
— Hapana, palikuwa na nafasi tu.

Nyamaza hapo. Mwache achukue kifutio mwenyewe.

Kile kipande cha "o" kisitupwe. Kiweke kwenye bahasha pamoja na vingine, kisha kila siku mtoto achague kadi moja na kurudisha herufi zilizotoka mpaka neno liwe kamili tena. Walimu wengi hufanya zoezi la kukata na kuliacha hili la kurudisha, na kwa maoni yangu la kurudisha ndilo lenye thamani zaidi. Mtoto anayeweza kurudisha jino mahali pake hatahangaika na "its" na "it's" ukifika wakati wake.

Hatua ya 4: Nenda kwa familia, si kwa alfabeti

Anza na familia ya "not". "Isn't", "aren't", "wasn't", "weren't", "hasn't", "haven't", "hadn't", "don't", "doesn't", "didn't", "couldn't", "shouldn't", "wouldn't": yote yamepoteza herufi moja tu, "o", na pengo lipo mahali palepale, kati ya "n" na "t". Mtoto akiliona hilo, amepata maneno 13 kwa bei ya moja. Usichanganye familia nyingine mpaka hii ikae.

Ifuate familia ya "am", "are" na "is". "I'm" imepoteza "a". "You're", "we're" na "they're" zimepoteza "a" vilevile. "He's", "she's" na "it's" zimepoteza "i". Bado ni jino moja moja. Hapa mtoto mwerevu atauliza kwa nini "I am not" haiwi "I amn't". Swali zuri. "Amn't" inasemwa Scotland na Ireland, lakini Kiingereza sanifu hakiikubali katika maandishi, kwa hiyo aandike "I'm not". Ajabu ni kwamba kwenye swali lugha hiyohiyo inasema "aren't I?", na hakuna maelezo ya mtoto wa miaka saba yatakayoifanya ionekane na mantiki. Mwambie ndivyo wanavyosema, muendelee.

Ndipo uje kwenye mapengo makubwa. "Will" hutoa meno mawili, "w" na "i", ikabaki "ll": "I'll", "she'll", "they'll". "Have" hutoa "h" na "a": "I've", "we've". "Has" na "had" hutoa "h" na "a" vilevile: "he's", "he'd". "Would" hutoa meno manne yote ya mbele ikabaki "d" peke yake: "I'd", "they'd". Waache wahesabu. Watoto hupenda kugundua kwamba pengo la herufi nne na pengo la herufi moja vyote huchorwa kwa ritifaa moja.

Mwishoni kabisa wape wakaidi. "Can't" si mkaidi sana: "cannot" huandikwa kama neno moja, na hapo zimetoka "n" moja na "o". "Shan't" imetoka kwenye "shall not", na ingefaa iwe na mapengo mawili, maana "ll" nayo imetoka. Kweli zamani iliandikwa "sha'n't", kisha watu wakachoka wakabakiza ritifaa moja. Leo haisikiki sana, kwa hiyo mtoto aitambue tu akiikuta kitabuni. "Won't" ndiyo inayosumbua, kwa sababu haifanani na "will not" hata kidogo. Sababu ni kwamba zamani "will" ilikuwa na umbo jingine, "wol" au "woll", na "won't" imerithi irabu ya hilo lililokufa. Mtoto mkubwa atafurahia hadithi hiyo. Mdogo akariri tu, neno moja halimlemei mtu.

"O'clock" nayo ni neno la mkato, la "of the clock", na hapo limemezwa neno zima la katikati. Lisiwe somo. Litaje siku mnayosoma saa.

Hatua ya 5: Mkato mmoja, maana mbili

Mtoto akishazoea kurudisha meno, atakwama kwenye "he's". Ni "he is" au "he has"? Usimpe kanuni ndefu. Mfundishe kutazama neno linalofuata. Likiwa na "ing", likiwa sifa au mahali, ni "is": "he's running", "he's tall", "he's outside". Likiwa "been" au "got", ni "has" bila shaka: "he's been ill", "she's got a pen". Vilevile "I'd": ikifuatwa na kitenzi kisichobadilika ni "would", kama "I'd like water". Ikifuatwa na kitenzi cha jambo lililokwisha tendeka ni "had", kama "I'd seen it before". Pekee "you'd better" hudanganya, maana "better" si kitenzi na jino lililotoka ni la "had".

Hatua ya 6: Mahali pasipokatwa

Mtoto aliyefurahia mkasi hukata kila kitu. Mzuie mahali patatu.

Kwanza, mwisho wa sentensi. "Are you ready?" hujibiwa "Yes, I am", kamwe si "Yes, I'm". Vivyo hivyo "I know where they are" haiwi "where they're". Mkato huzaliwa pale kitenzi kinapopita upesi bila uzito, na mwishoni mwa sentensi sauti hukitua kitenzi hicho, kwa hiyo hakikatiki. Familia ya "not" haina shida hii: "No, they aren't" ni sahihi kabisa.

Pili, "have" ya kumiliki. "I have a book" iachwe kamili. "I've a book" utaikuta kwenye vitabu vya zamani vya Uingereza, lakini mtoto akiizoea ataandika vitu vya kuchekesha. "I've got a book" haina tatizo, kwa sababu hapo "have" ni kitenzi kisaidizi.

Tatu, maandishi rasmi. Barua ya maombi, ripoti, insha ya mtihani: humo maneno huandikwa kamili. Katika hadithi, mhusika anapozungumza, mkato unapendeza, na mhusika anayesema "I do not know where he is" wakati anakimbia ataonekana kama anasoma hotuba. Zoezi zuri ni kumpa mtoto ujumbe wa kumwandikia rafiki, kisha aandike habari ileile kwa mwalimu mkuu. Atatambua mwenyewe wapi mkasi unaruhusiwa.

Hatua ya 7: Kujibu swali lenye "n't"

Hili si la tahajia, lakini ukiliruka mtoto ataandika vizuri na kujibu visivyo. Tukimuuliza mtu "Huji?", anaweza kujibu "Ndiyo, siji": anakubaliana na maneno ya muulizaji. Kiingereza hakijali muulizaji amesemaje, kinajali jambo lenyewe. "Aren't you coming?" kwa asiyekuja jibu ni "No, I'm not". Kwa anayekuja ni "Yes, I am". Mtoto anayejibu "Yes" akimaanisha "ndiyo, siji" ataachiwa kiti na hatatokea. Yafanyieni mazoezi kwa mdomo, haraka haraka, "Don't you like it?", "Isn't she here?", mpaka jibu litoke bila kutafsiri.

Karibu na hapo kuna "sivyo?" yetu, ambayo ni moja kwa nafsi zote na nyakati zote. Kwa mazoea hayo mtoto atamalizia kila sentensi kwa "isn't it?". Sahihi hufuata kitenzi kilichotangulia: "You're tired, aren't you?", "She came, didn't she?". Liwe somo la baadaye, lakini usiliache lizoeleke.

Hatua ya 8: Zinazofanana kwa sauti

Hapa kosa kubwa ni la sisi tunaofundisha. Tunachukua "its" na "it's", tunaziandika ubavu kwa ubavu ubaoni, tunasema "msizichanganye", na kuanzia dakika hiyo mtoto anazichanganya. Zifundishe mbalimbali. "It's" ameshaijua tangu hatua ya nne. "Its" aipate siku nyingine, pamoja na ndugu zake: "his", "her", "our", "your", "their". Hiyo ni familia ya vimilikishi, na hakuna hata mmoja wao mwenye pengo. Zikae wiki kadhaa ndipo uzikutanishe.

Siku ya kuzikutanisha, silaha ni ileile ya bahasha: rudisha jino usikie. "The cat licked it's paw" ikirudishiwa jino inakuwa "The cat licked it is paw". Mtoto atacheka, na kucheka kwake ndiko kujua. "Your late": je, hapa inaingia "you are"? Inaingia, basi pengo linahitajika. "They're bag": je, "they are bag"? Haiingii. "Who's" na "whose" zinapimwa kwa njia hiyohiyo.

Wapo pia wanaoandika "could of". Hao mara nyingi wamejifunza kwa kusikiliza, na "could've" kwa sikio haitofautiani na "could of". Warudishie "have", kisha wapitishe kwenye mkasi upya.

Hatua ya 9: Ritifaa ya mwenye mali

Mtaala wa taifa wa Uingereza unaotumika tangu 2014 unataka mtoto wa mwaka wa kwanza asome maneno kama "I'm" na "we'll" na aelewe kwamba ritifaa inasimama badala ya herufi. Kuyaandika kunakuja mwaka wa pili pamoja na umilikishi wa umoja, na umilikishi wa wingi unasubiri mwaka wa tatu na wa nne. Hao ni watoto wanaoishi ndani ya Kiingereza. Wetu hawana sababu ya kuharakishwa. Mimi nisingegusa "the boy's bag" mpaka maneno ya mkato yawe yanaandikwa bila kufikiri.

Ugumu wa kwanza ni mpangilio. Sisi tunasema kitabu cha mtoto: mali mbele, mwenye mali nyuma. Kiingereza kinageuza: "the child's book". Kabla ya alama yoyote, wageuze kwa mdomo mara nyingi: mkia wa paka, "the cat's tail", jina la mwalimu, "the teacher's name".

Kisha njia ya kuandika. Mtoto aandike mwenye mali peke yake, neno zima, alizungushie duara. Ritifaa inakaa nje ya duara, mara tu baada yake. Halafu aongeze "s". Mwenye mali ni "girl"? Duara kwenye "girl", kisha "girl's". Ni wasichana wengi? Duara kwenye "girls", ritifaa nje, na kwa kuwa "s" ya wingi tayari ipo hatuongezi nyingine: "girls'". Ni watoto? Duara kwenye "children", na kwa kuwa haina "s" ya wingi, tunaongeza: "children's". Duara linaondoa ubishi wote wa kabla ya "s" au baada ya "s", ambao huwachanganya watoto bure. Kwa jina linaloishia na "s", kama James, utakuta "James's" na "James'" zote zinakubalika. Chagua moja uishike.

Atakayeuliza jino gani limetoka kwenye "the king's" ameuliza swali la kitaalamu. Katika Kiingereza cha kale umilikishi wa maneno mengi uliandikwa kwa "es", na ile "e" ikatoka. Kwa hiyo hata hapa, ukirudi nyuma vya kutosha, kuna pengo la kweli. Leo hakuna anayelisikia, ndiyo maana hatuanzii huku.

Imla na kusahihisha

Ukimaliza umilikishi, tegemea kuona ritifaa kila palipo na "s": "I have two cat's", "he run's fast". Ni ugonjwa wa kawaida wa wiki hizo na unapona. Usizijaze kurasa wino mwekundu. Weka mstari chini ya neno, mtoto aandike pembeni moja kati ya haya mawili: herufi iliyotoka, au mwenye mali. Akikosa la kuandika, ritifaa haina kazi hapo na anaifuta.

Imla yenyewe iwe fupi, na uisome kama mtu anayezungumza, si kwa kukata neno neno, maana ukisoma "they are" wakati karatasi yako ina "they're" umeshampa jibu jingine. Sentensi kama hizi zinatosha kwa kipindi: "It's late and the dog hasn't had its food." "Who's taken the teacher's chair?" "The girls' bags aren't here. They're in the boys' room." "I'd like to come, but I can't." Baada ya kuandika, asome mwenyewe kila neno lenye ritifaa na kusema kwa sauti limetoka wapi.

Imla hiyo iandikwe kwa mkono. Simu na kompyuta humwekea mtoto ritifaa akiandika "dont" au "isnt", naye hajifunzi kitu. Tena hazimsaidii pale anapohitaji msaada hasa: "well" iliyokusudiwa kuwa "we'll", "were" ya "we're", "ill" ya "I'll", "shell" ya "she'll", na "its" popote ilipo, yote ni maneno halali kwa mashine na mara nyingi yatapita bila mstari mwekundu. Akianza kuandika kwa kibodi, hayo matano ndiyo ya kumwambia ayakague kwa jicho lake kabla hajatuma.